Kicheko cha Nguoni

Pigo lilikuwa na mizani kumi na tatu, na tandiko mizani thelathini na tisa. Maalim Vuai Pandu alizihesabu mara ya tatu juu ya vifundo vya vidole, kama alivyofunzwa chuoni kuhesabu tungo kabla hajaota ndevu, kisha akainua uso kukitazama kiwambo. Ilikuwa Ijumaa, saa nane kasorobo za mchana. Watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka msikitini, na mji mzima wa Ng'ambo ulikuwa umekaa kitako kuitazama katuni.

Kiwamboni, Mzee Sikio, mwenye nyumba ya kupangisha na masikio mapana kama makawa ya kufunikia chakula, alikuwa amempandisha punda wake juu ya mizani ya sokoni.

"Huku mwezini kila kitu kimepungua uzito mara sita," akasema Mzee Sikio. "Mawe, magunia, hata punda wangu."

"Na mkweo naye?" akauliza jirani.

Mzee Sikio akaangaza mlangoni kwanza. "Yeye alisafiri na uzito wake."

Maalim Vuai hakucheka. Mpishi haangalii mwiko wake, huangalia sahani za wageni. Yeye aliitazama namba nyekundu juu ya mlango wa chumba cha waandishi, akaiona ikipanda: arubaini, mia na tisa, mia mbili na kumi na mbili. Ikasimama. Vicheko mia mbili na kumi na mbili, katika mji wa watu mia sita na arubaini. Akashusha pumzi na kuiandika.

Namba ile haikuwekwa kwa ajili ya mizaha. Hewa ya Ng'ambo hukamuliwa kutoka barafu ya mgodini, na tangu mji ulipochimbwa chini ya ardhi ya mwezi, kila chumba kilitiwa kipimo cha pumzi ili hewa isipotee pasipo watu kujua. Maalim Vuai ndiye aliyegundua, miaka ishirini na miwili iliyopita, kwamba mtu anapocheka hewa ya chumba hutikisika kwa mawimbi madogo, na kipimo huweza kuyahesabu. Akachukua elimu yake ya utungo akaioanisha na mawimbi hayo. Maneno yote yanayotangulia mzaha akayaita tandiko; neno la mwisho, lile linalochekesha, akaliita pigo. Akagawanya la kwanza kwa la pili. Kila jawabu lilipokuwa tatu kamili, watu walicheka zaidi. Thelathini na tisa kwa kumi na tatu ni tatu. Mji ukaiita Kanuni ya Vuai, na watoto wa skuli wakaifanyia zoezi.

Sasa ikaja nusu ya pili ya kipindi, nusu isiyokuwa yake.

Nusu hiyo iliandikwa na Bi Mize Kombo, mjane wa makamo yake, aliyewapikia wachimbaji bwaloni kwa miaka mingi na kuleta mzaha wake wa kwanza umeandikwa nyuma ya karatasi ya unga. Hakupata kuhesabu mizani hata siku moja. Alikuwa amekaa pembeni mwa chumba, anamenya karanga na kuyakusanya maganda mapajani.

Kiwamboni, Mzee Sikio alitangaza kwamba leo atapika yeye. Mkewe, Bi Tabu, akavuta kigoda akakaa.

"Chumvi iko wapi?"

"Palepale ilipo."

"Na sufuria?"

"Palepale."

"Jiko je?"

Bi Tabu akamtazama mumewe kwa muda mrefu, hata mtu angedhani picha imekwama.

"Umeliegemea."

Vidole vya Maalim Vuai vilikwisha kumaliza kazi. Tandiko ishirini na tano, pigo saba. Saba mara tatu ni ishirini na moja; zabaki nne. Nne hizo zilimkera kama changarawe ndani ya kiatu. Akatazama juu ya mlango: mia na thelathini na moja.

"Mia na thelathini na moja, Bi Mize," akasema, kwa upole wa mtu aliyeshiba.

"Alhamdulillahi," akajibu Bi Mize. "Karanga, Maalim?"

*

Barafu ya mgodini ilikuwa imepungua. Sheha Ngwali, mkuu wa Baraza la mji, aliwaita waandishi wote wawili akawaeleza bila kuzungukazunguka: kicheko ni hewa, na hewa ni barafu. Kuanzia mwezi ujao kipindi kitakuwa nusu moja tu, na mwandishi mmoja. Atabaki yule ambaye mizaha yake inachekwa na watu wengi zaidi. Mwingine atapewa kazi ya heshima katika kusafisha vichungi vya hewa.

"Lakini nani atahesabu?" akauliza Sheha. "Hesabu ni ya Maalim, na Maalim ni mmoja wa wanaoshindana. Haiwi mtu awe kuku na awe mchele."

Hapo Bi Mize akasema neno ambalo Maalim Vuai alitamani baadaye asingelisema. "Nihesabiwe na Maalim huyuhuyu. Mimi nimeridhia. Tangu nimjue, hapunji."

Basi Maalim akapewa wiki mbili, na amana.

Kwa nini basi hakulala vizuri? Namba zilikuwa zake. Lakini siku ya pili, adhuhuri, alipokuwa akitoka msikitini, mchimbaji mmoja alikuwa ameinama kwenye rafu ya viatu, anapapasa huku na huku. "Makubadhi yangu yako wapi?" Mwenzake akamjibu bila kumgeukia: "Umeyaegemea." Watu wote wa kibarazani wakaangua kicheko, na hapana aliyeuliza neno lile limetoka wapi, kwani lilikuwa limekwisha kuwa lao. Maalim Vuai akavaa viatu vyake polepole. Miaka ishirini na miwili. Na hakupata kusikia hata mara moja pigo lake likitembea peke yake mjini bila ya kiwambo kulishika mkono.

Akatazama dirisha dogo la msikiti, mahali dunia inapoonekana imening'inia papo hapo usiku na mchana, ikiwaonyesha watu wa Ng'ambo kibla. Dawa ya husuda aliijua kwa jina lake na kwa sanadi yake ya wapokezi, kama mgonjwa ajuaye jina la dawa iliyo katika duka lililofungwa. Alipokuwa akienda nyumbani kinywa chake kilitunga chenyewe:

*Wivu moto wa chumbani, hauonyeshi moshiwe,*
*Humla mtu moyoni, jirani asitambuwe.*

Nane kwa nane, vina vimekaa. Akaifurahia beti mpaka akasahau kutubu.

*

Ijumaa iliyofuata chumba cha waandishi kilifungwa ili kubana hewa, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kazi Maalim Vuai akaitazama katuni nyumbani kwake. Mkewe, Bi Shinuna, alimtandikia mto wa kuegemea, yeye akakaa nyuma kidogo karibu na mlango wa jikoni, anachambua mchele.

Nusu ya kwanza ikapita. Mzaha wa Maalim siku hiyo ulikuwa wa imamu wa Mzee Sikio aliyepotewa na kibla kwa sababu dunia imefunikwa na kivuli. Tandiko arubaini na mbili, pigo kumi na nne. Akageuka kumtazama mkewe. Bi Shinuna alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa kikombe cha chai asichokiomba.

"Mzuri, Maalim," akasema.

"Umeufahamu?"

"Nimeufahamu sana."

Ikaja nusu ya Bi Mize. Kwa kuwa mpimaji ni mshindani wake, Baraza lilitaka mzaha wake uleule wa wiki iliyopita urudiwe, ili hesabu ipimwe mara mbili. Mzee Sikio akatangaza atapika. Bi Tabu akavuta kigoda. Maalim Vuai aliyajua maneno yote kwa moyo, kwa hiyo aliyapa mgongo akawa anakiangalia kipimo cha nyumba yake juu ya mlango.

"Umeliegemea," akasema Bi Tabu nyuma yake.

Kipimo kilisoma sifuri. Akangoja. Sifuri. Akahisi raha ikimwingia kifuani, raha ndogo mbaya, akageuka ili mkewe amwone amestahamili.

Bi Shinuna alikuwa ameinama mpaka kipaji kinakaribia ungo wa mchele. Upindo wa kanga ulikuwa umejaa kinywani, ameushika kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na machozi yamemteremka hata kidevuni. Hakutoa sauti. Alikaa hivyo muda wa mtu kusoma Alhamdu kwa utulivu, kisha akaitoa nguo kinywani, akavuta pumzi moja ndefu, ndefu sana, akajifuta macho, na kurudi kwenye mchele wake.

Juu ya mlango: sifuri.

"Mama Nasra," akasema Maalim Vuai. "Ulikuwa unacheka?"

"Nisamehe, Maalim. Kidogo tu."

"Kwa nini unaziba kinywa?"

Bi Shinuna akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Ndivyo tulivyolelewa. Wewe hukumbuki Kipenga? Zamani tulipokuwa wadogo, chumba kikizidi pumzi, kipimo kinapiga kipenga, na kesho yake nyumba hiyo inapunguziwa hewa. Mama zetu walitufunza kucheka nguoni. Nyinyi wanaume mlikuwa mgodini, kila mmoja na hewa yake mgongoni, mlicheka mtakavyo."

"Kipenga kiling'olewa miaka thelathini iliyopita."

"Kiling'olewa ukutani," akasema Bi Shinuna.

Maalim Vuai akakumbuka. Wanaume wa Ng'ambo ndio waliokusanywa bwaloni siku ile alipokifunza kipimo sauti ya kicheko. Wanaume mia, na yeye katikati na daftari. Hakuwaita wanawake kwa sababu ya staha. Aliona si adabu kuwachekesha wake za watu mbele ya hadhara. Ilikuwa adabu nzuri, na juu ya adabu hiyo alikuwa amejenga hesabu ya miaka ishirini na miwili.

Lakini si hesabu iliyomchoma wakati ule. Kilichomchoma ni mabega ya mkewe. Miaka thelathini na moja ya ndoa, naye hakupata kuyaona yakitikisika vile. Na aliyeyatikisa ni mpishi anayekula karanga.

Akainuka. "Leo nitapika mimi," akasema, na sauti yake ilikuwa na ukali asioukusudia.

Bi Shinuna akaweka ungo chini. Akavuta kigoda, akakaa.

Jikoni mwa Ng'ambo vitu vya unga haviachwi wazi, kwani huku unga ukimwagika huchelewa kutua, ukaziba vichungi. Maalim Vuai alifungua kabati la juu na la chini. Alifungua makopo yenye binzari, bizari nyembamba, hiliki, magadi. Alifungua kitu alichodhani ni chumvi, akakionja, akakitema. Alipochoka akakaa juu ya kijisanduku cha bati kilichokuwa kando ya jiko, akajipangusa jasho.

"Chumvi imekwisha nyumba hii," akasema.

Bi Shinuna alikuwa ameuweka upindo wa kanga kinywani.

*

Karakana ya Hewa ilikuwa mwisho wa njia ya mashariki, na Fundi Chumu aliyeiangalia alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Maalim Vuai.

"Shikamoo Maalim. Umekuja kunikagua?"

"Marahaba. Nimekuja kuomba daftari la hewa la mji mzima. Si la mawimbi. La matumizi, dakika kwa dakika, Ijumaa hizi mbili."

Chumu akacheka. "Hata mimi nimekesha na daftari hilo. Kila Ijumaa baada ya saa nane, mashine inavuta kama mji umeshika moto. Nimepapasa mabomba Ijumaa tatu nikitafuta tundu. Mke wangu ananiuliza, 'Umetafuta nini huko?' Namwambia, 'Hewa inavuja.' Basi anafunika kinywa."

"Na hukumwuliza kwa nini?"

"Nilidhani ananionea huruma."

Maalim Vuai akaomba karatasi. Chumu akampa nyuma ya kichungi kilichochakaa, na hesabu yenyewe haikuhitaji zaidi ya hapo. Mtu akicheka, pumzi zake huongezeka kwa vikombe viwili vya hewa; hilo alilipima zamani kwa wachimbaji. Katika dakika iliyofuata mzaha wa mkwe, mji ulitumia vikombe mia nne na ishirini na nne juu ya kawaida. Gawanya kwa viwili: mia mbili na kumi na mbili. Sawasawa na kipimo kilivyosema. Basi wanawake hawakuucheka mzaha ule, wala kwa kinywa wala kwa nguo.

Akaandika mstari wa pili. Katika dakika iliyofuata "Umeliegemea", mji ulitumia vikombe mia nane na kumi. Gawanya kwa viwili: mia nne na tano. Kipimo kilisikia mia na thelathini na moja. Mia nne na tano toa mia na thelathini na moja.

Mia mbili na sabini na nne.

Aliiandika namba ile na kuipigia mstari. Ilikuwa hesabu ya pumzi ndefu, zile ambazo mwanamke huvuta baada ya kuitoa nguo kinywani. Wanawake na wasichana mia mbili na sabini na nne, kila mmoja kwake, wameinama juu ya ungo na sufuria na vitoto, wanacheka bila ya mtu kujua. Na katika hao mmoja alikuwa Bi Shinuna.

"Umeliona tundu?" akauliza Chumu.

"Nimeliona."

"Kubwa?"

"Nusu ya mji," akasema Maalim Vuai, akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa kanzu.

*

Siku tatu karatasi ile ilikaa mfukoni. Hapana aliyeiomba. Baraza lilitaka vicheko kama kipimo kilivyovihesabu, na kipimo kilikuwa kimesema mia mbili na kumi na mbili kwa mia na thelathini na moja. Akisimama na kuyasoma hayo hatakuwa amesema uongo. Atakuwa amenyamaza tu. Alikumbuka muuza mchele wa utotoni mwake, aliyetia kibaba mbele ya macho ya mnunuzi, kikafurika, na kitako cha kibaba kimepandishwa kwa ndani. Yule naye hakusema uongo. Kibaba kilijaa.

Siku ya nne Bi Mize akapiga hodi chumbani mwa waandishi. Akaitungua aproni ya zamani ya bwalo msumarini, akaanza kuikunja.

"Nimekuja kuchukua vyangu, Maalim. Nimesikia vichungi vinahitaji mkono."

"Baraza halijakaa bado."

"Namba nimeziona juu ya mlango kama wewe." Akamaliza kuikunja aproni. "Naomba unifunze jambo moja kabla sijaondoka. Ile tatu kwa moja. Nimejaribu nyumbani. Nikihesabu, mzaha unakufa mkononi kama kifaranga. Wewe unafanyaje hata haufi?"

Maalim Vuai alimtazama usoni, akitafuta kejeli, asiione. Alikuwa akiuliza kweli. Na yeye, aliyekuwa na majibu ya nahau na faraidhi za mirathi, alitambua kwamba jibu la swali lile ni kwamba mzaha wake pia ulikufa, ila yeye alikuwa amezoea kuuzika vizuri.

"Na wewe," akasema, "unajuaje kwamba utachekesha, kama huhesabu?"

"Nilikuwa nikipika, wanawake wa bwaloni wakiosha vyombo. Nikisema neno, natazama mabega."

Maalim Vuai akaweka mkono mfukoni, akaigusa karatasi, akautoa mkono mtupu.

"Inshallah Baraza litakaa kesho," akasema. Bi Mize akaaga. Aproni akaiacha juu ya kiti chake, imekunjwa vizuri, kama mtu aliyeacha nafasi kwa mwingine.

*

Baraza lilikaa baada ya alasiri. Wanaume mbele, wanawake nyuma, ukumbi umejaa. Juu ya mlango namba nyekundu ilisoma sifuri.

"Maalim," akasema Sheha Ngwali, "tusomee, nasi tukate shauri."

Maalim Vuai alisimama. Aliisoma karatasi ya kwanza kwa sauti ya khutba: mzaha wa Vuai Pandu, mia mbili na kumi na mbili, mzaha wa Mize Kombo, mia na thelathini na moja.

"Unazithibitisha hesabu hizi?"

Alijua kwamba neno moja, lenye mizani tatu tu, lingemrudisha kwenye kiti chake na kalamu yake mpaka afe. Alilihisi neno lile juu ya ulimi. Akamwona Bi Mize safu ya tatu ya wanawake, mikono mapajani, anamtazama kwa amani ya mtu ambaye mali yake iko kwa mwaminifu. Amani ile ilimuudhi kuliko matusi.

"Ni sahihi, Sheha," akasema. "Lakini hazijatimia. Naomba ruhusa niusome mzaha wa Bi Mize hapa, mbele ya kipimo."

"Baraza si kiwambo, Maalim."

"Najua. Ndiyo maana nitausoma vibaya."

Wanaume wakacheka, namba ikapanda hadi kumi na tisa, Fundi Chumu akairudisha sifuri. Maalim Vuai akaanza. Hakuwa na sauti ya Bi Tabu wala utuo wake; aliusoma kama asomaye wosia wa marehemu. Chumvi iko wapi. Palepale ilipo. Alipofika "Umeliegemea", wanaume kadhaa wakacheka kwa ajili ya neno walilolizoea. Ishirini na sita. Lakini yeye alikuwa akitazama nyuma. Safu kwa safu, pindo za kanga zilipanda zote pamoja, kama mawimbi yasiyo na maji, na mabega yakawa yanatikisika.

"Wazee wangu, geukeni," akasema. "Tazameni, kisha tazameni namba."

Wakageuka. Namba ilikuwa ishirini na sita vilevile. Ndipo akaitoa karatasi ya pili, akasoma vikombe mia nane na kumi, akagawanya mbele yao, akatoa, akafika mia mbili na sabini na nne. Alieleza habari ya wanaume mia wa bwaloni na kosa lilikoanzia, na kosa hilo akalitaja kwa jina lake mwenyewe.

Sheha Ngwali alizichezea tasbihi zake. "Hizo ni hesabu za pumzi, Maalim. Baraza linahesabu vicheko. Kicheko kisichosikika tutakiandikaje?"

Maalim Vuai akawageukia wanawake, macho chini kwa staha. "Mama zangu, dada zangu. Kipenga kiling'olewa. Nawaomba mteremshe nguo."

Hapana aliyeteremsha. Aibu iliushika ukumbi. Pindo zilibanwa zaidi, na kicheko chenyewe kikaanza kufa, kama alivyosema Bi Mize, kifaranga mkononi. Maalim Vuai aliona amana inamponyoka si kwa kuificha bali kwa kutojua kuchekesha. Hakuwa na tandiko. Akasema tu lililokuwapo.

"Mimi mwenyewe," akasema, "Ijumaa ile nilikwenda jikoni kwangu kuitafuta chumvi. Nimeishi nyumba ile miaka thelathini na moja. Nilifungua kila kopo. Wallahi, mpaka leo hii sijui iliko."

Kisha kutoka safu ya nyuma ikaja sauti aliyoijua, bila ya nguo mbele yake.

"Uliikalia, Maalim."

Na Bi Shinuna akacheka. Alicheka kwa kinywa wazi, kicheko kinene kilichokwaruza mwanzo kama mlango usiofunguliwa miaka mingi, kisha kikateleza. Mwanamke aliyekuwa kando yake akaangusha upindo. Kisha wa mbele yake. Kisha safu zote. Juu ya mlango namba ilipita mia, ikapita mia mbili, na Fundi Chumu akasahau kuiangalia kwa kuwa alikuwa amemwona mkewe.

Sheha Ngwali alingoja hata sauti zikashuka, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Andika," akamwambia karani. "Nusu inayobaki ni ya Bi Mize Kombo. Na Maalim Vuai Pandu tunamshukuru kwa kuwa hakupunja."

Maalim Vuai aliinamisha kichwa. Alingoja utulivu unaomjia mtu aliyetimiza amana. Ukaja, lakini haukuja peke yake. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuanza kuhesabu: "Uliikalia, Maalim," mizani tisa. Akalitafuta tandiko lake ili agawanye. Halikuwa na maneno. Lilikuwa ni ile miaka thelathini na moja, nzima, mkewe akiwa amekaa juu ya kigoda nyuma yake. Kanuni ya Vuai haikuwa na namba ya kukidhi hiyo; na mwenye pigo lile, akiwa nyumbani mwake muda wote, hakupata kuulizwa.

Akainua macho amtafute Bi Mize, ampe mkono wa kheri. Ukumbi mzima ulikuwa bado unatabasamu, isipokuwa yeye. Bi Mize alikuwa amegeuka kitini, kinywa amekifumba, anamtazama Bi Shinuna kwa jicho kali la mtu aliyeona kito shingoni mwa mwingine. Maalim Vuai alilijua jicho lile. Alikuwa amelivaa yeye kwa wiki mbili.

Akamwendea, akakaa kiti cha kando yake.

"Karanga, Bi Mize?" akasema, japokuwa hakuwa nazo.